Kwa nini katuni nyingi za zamani zina sehemu 65

Mtu akinitajia katuni ya Kimarekani ya miaka ya 1980, kabla sijauliza nani aliichora, huuliza ilikuwa na sehemu ngapi. Mara nyingi jibu huwa 65, na hapo huwa nimeshajua mengi kuhusu namna ilivyotengenezwa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kituo kinachorusha katuni Jumatatu hadi Ijumaa kinahitaji sehemu tano kwa wiki. Robo ya mwaka ina wiki 13, na tano mara 13 ni 65. Ukizirudia mara nne, mwaka mzima umejaa, na mtoto hakutani na sehemu ileile mpaka ipite miezi mitatu.

Kabla ya hapo, siku ya katuni ilikuwa Jumamosi asubuhi. Scooby-Doo ilianza kwenye CBS, mtandao wa televisheni wa Marekani, tarehe 13 Septemba 1969 kwa utaratibu huo: mara moja kwa wiki, sehemu 17 katika msimu wa kwanza. Mitandao mikubwa ya televisheni ndiyo iliyoagiza na ndiyo iliyoamua.

Mwaka 1983 He-Man and the Masters of the Universe ikapita njia nyingine. Studio ya Filmation ilitengeneza msimu wa sehemu 65, zikauzwa kwa kituo kimoja kimoja bila kupitia mtandao wowote wa televisheni. Katuni hiyo ilitokana na midoli ya kampuni ya Mattel. Mwaka uliofuata FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, iliondoa miongozo iliyobana matangazo ya biashara katika vipindi vya watoto, na katuni za midoli zikafuatana. Transformers ilikuwa na sehemu 16 msimu wa kwanza na 49 msimu wa pili. Jumlisha mwenyewe.

Sasa, utachoraje kazi nyingi hivyo kwa muda mfupi? Mtazame Prince Adam anapoinua upanga na kugeuka He-Man: picha ni zilezile, sehemu baada ya sehemu. Filmation waliweka akiba ya michoro ya kutembea, kukimbia na kurusha ngumi, wakawa wanaichota kila ilipohitajika. Wengi huubeza ubahili huo. Mimi nauheshimu, maana studio nyingine zilikuwa zinapeleka uchoraji Asia, na akiba ile iliwasaidia Filmation kuendelea kuchorea nyumbani na kuwabakisha wachoraji wao kazini.

Hadithi nazo zilibadilika. Kituo kingeweza kurusha sehemu kwa mpangilio wowote, kwa hiyo kila moja ilibidi ianze na kuisha yenyewe; adui aliyeshindwa leo kesho yuko palepale. Hata Batman: The Animated Series, ambayo nayo iliagizwa kwa sehemu 65, ilianza kwa mpangilio wa ajabu: "The Cat and the Claw" ni hadithi moja ya sehemu mbili, lakini ya kwanza ilirushwa tarehe 5 Septemba 1992, ya pili tarehe 12, na katikati yake zikapita hadithi nyingine kabisa.

Baadaye Disney Channel iliifanya 65 kuwa kikomo cha sehemu za kipindi. Kim Possible ilifika hapo mwaka 2005 ikasimamishwa, mashabiki wakaidai, ikarudi mwaka 2007 na hatimaye kuishia 87.

Kwenye huduma za kutazama vipindi kwa intaneti hakuna Jumatatu wala Ijumaa ya kujaza, kwa hiyo misimu imekuwa mifupi na hadithi moja inaweza kuendelea mpaka mwisho. Nazipenda hadithi hizo. Lakini sehemu 65 zilikuwa na nafasi ya wahusika wa pembeni: Batman ile ina sehemu nzima kuhusu Sid, mhalifu mdogo mwoga ambaye watu wanaamini amemuua Batman, na Batman mwenyewe haonekani kwa muda mrefu. Katika msimu wa sehemu nane, sioni nani angempa Sid dakika hizo zote.