Kuosha gari bila kusuuza wakati wa baridi kali

Hapa Minnesota, Marekani, bomba la nje hufungwa kabla theluji haijatulia, maji yasije yakaganda ndani na kulipasua. Mpira wa maji unaingia stoo. Hata ukiwa na maji, kila tone utakalomwaga uani litakuwa barafu ya kumwangusha mtu. Na ndicho kipindi ambacho gari huchafuka kuliko wakati wowote wa mwaka. Wateja wangu, hasa wale ambao hii ni baridi yao ya kwanza, huniuliza kama kweli gari linaweza kuoshwa kwa ndoo moja tu, lisisuuzwe, na rangi ikabaki salama. Linaweza. Ndiyo kazi yangu kila msimu wa baridi, na ninaiamini. Ila kwanza ujue gari limebeba uchafu gani.

Barabarani humwagwa chumvi, na mara nyingine mchanga ili matairi yashike. Chumvi ya kawaida hupoteza nguvu ya kuyeyusha barafu joto likishuka chini ya nyuzi 15 za Farenhaiti, yaani karibu -9 za Selsiasi, kwa hiyo kwenye baridi kali zaidi huongezwa magnesiamu kloraidi au kalisi kloraidi. Hizi mbili huvuta unyevu kutoka hewani. Ndiyo maana gari linaweza kuonekana limekauka, kumbe chuma bado kinalowana na kutu inaendelea taratibu. Hata hivyo, kwa rangi yenyewe chumvi si adui mkubwa: ipe maji na muda, itayeyuka. Mchanga hauyeyuki. Chembe zake ni ngumu kuliko laka, lile tabaka angavu la juu ya rangi, na ukiziburuta kwa taulo zitachora mikwaruzo myembamba utakayoiona vizuri jua likitoka. Kila ninachofanya kinalenga chembe hizo.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, angalia. Kama sehemu za chini za milango zina gamba la tope na mchanga, usianze na ndoo. Peleka gari kwanza kwenye kibanda cha kujioshea chenye maji ya presha, ulipige maji tu, kisha urudi nyumbani kumalizia. Kama ni ukungu mweupe wa chumvi na vumbi, endelea.

Dawa ninayotumia ni Optimum No Rinse, maarufu kama ONR. Zipo nyingine nzuri. Sabuni ya kawaida huacha utando usipoisuuza. Dawa hizi zina polima zinazoizunguka chembe ya uchafu na kuiwekea utelezi inapopita juu ya rangi, na kinachobaki unakikausha tu. Kipimo cha ONR ni sehemu 1 kwa 256 za maji: mililita 30 kwa lita 7 na nusu hivi. Ukizidisha utapata michirizi, hutapata usafi zaidi. Maji yawe vuguvugu, kwa ajili ya mikono yako zaidi kuliko ya gari.

Jambo linalowashinda wengi ni joto la bodi. Usisome hali ya hewa peke yake. Gari lililolala nje usiku kucha linaweza kuingia gereji yenye joto na chuma chake bado kiko chini ya sifuri; ukipaka maji yanaganda hapohapo, na taulo linakwaruza barafu iliyonasa mchanga. Liache hadi barafu ya kwenye matao ya matairi ianguke yenyewe. Usilimwagie maji ya moto kuharakisha, kioo cha mbele kinaweza kupasuka.

Likishapata joto, jaza dawa hiyohiyo kwenye pampu ya mkono, nyunyizia sehemu moja, sema mlango mmoja, na uiache dakika mbili tatu. Hapa usiwe na haraka kabisa. Chumvi inayeyuka na mchanga unalegea. Weka taulo kadhaa za maikrofaiba ndani ya ndoo. Toa moja, likunje mara mbili upate nyuso nane, futa kwa mstari mmoja ulionyooka bila kukandamiza, kisha geuza uso mwingine. Taulo lililochafuka halirudi kwenye ndoo. Anza juu, malizia chini, na kausha sehemu hiyo kabla ya kwenda inayofuata.

Kukausha ndiko kunakoamua kama kesho mlango utafunguka. Fungua milango yote, pamoja na buti na kifuniko cha mafuta, ufute kingo zake, kisha paka silikoni kwenye raba. Futa nyuma ya vioo vya pembeni na ndani ya vitasa. Kama uliosha rimu, endesha kidogo huku ukigusa breki polepole zikauke, na usivute breki ya mkono gari likilala nje, kwa sababu zinaweza kugandiana.

Chini ya gari njia hii haifiki, na huko ndiko kutu inakoanzia. Siku joto likipanda juu ya sifuri, tafuta sehemu ya kuoshea magari yenye maji yanayopiga chasisi kutoka chini, hata kama bodi inang'aa.