Acheni kumpima Bradman kwa wastani mtupu

Kwenye mijadala ya kriketi, Tendulkar wa India akitajwa tu kuwa mpigaji bora, anatokea mtu na jedwali la wastani wa mikimbio kwa kila mara mpigaji alipotolewa: Bradman wa Australia 99.94, Tendulkar 53.78, mjadala umefungwa. Mwingine anamjibu kwa kosa lile lile lililopinduliwa: eti Bradman kwa warushaji wa leo asingefika hata 40. Wote wawili wananichosha.

Kama wastani mtupu ndiyo mizani, basi mrushaji bora wa nyakati zote wa Test, zile mechi ndefu za kimataifa, ni George Lohmann: wiketi 112, yaani wapigaji aliowatoa, kwa wastani wa mikimbio 10.75 kila mmoja, na kwa mrushaji, wastani mdogo ndio bora. Mbona hamumtaji? Kwa sababu mnajua pichi za enzi yake, yaani ule ukanda unaodundia mpira, mwisho wa karne ya 19, zilikuwa mbovu. Haya, akili hiyo hiyo itumieni kwa wapigaji.

Hesabu si ngumu. Chukua mechi za mtu wako, muondoe yeye, tafuta wastani wa wapigaji sita wa kwanza wa pande zote mbili, kisha gawa wake kwa huo. Wa mkiani, wale wanaoingia mwisho kupiga, waache. Wa mkiani wa zamani walikuwa wanasindikiza tu. Na gawa mikimbio kwa mara alizotolewa, si alizoingia. Bradman aliingia mara 80, akatolewa 70: mikimbio 6,996 kwa 70 ni 99.94, kwa 80 ni 87.45.

Sasa pichi, maana hapa ndipo watu wanaboronga. Zamani mvua ikinyesha katikati ya mechi, pichi iliachwa ilowe. Jua likitoka baadaye, ngozi ya juu inakauka huku chini bado tope, na mpira unang'ata, unaruka, unageuka. Kwenye uwanja wa Lord's, London, mwaka 1934, Verity, mrushaji wa Uingereza, alichukua wiketi 14 kwa siku moja kwenye pichi ya namna hiyo. Bradman aliambulia 36 na 13. Melbourne, mwanzoni mwa 1937, alikuwa mjanja zaidi: aliwatanguliza wenzake O'Reilly na Fleetwood-Smith, vibonde wa kupiga, wapoteze muda pichi ikauke. Yeye akaingia wa saba, akapiga 270.

Lakini msikimbilie kusema basi zamani kulikuwa kugumu. Pichi kavu za miaka ile zilikuwa laini kama meza, tena hadi katikati ya miaka ya 1930, mpira uliodunda nje ya stampu ya ofu (kijiti cha pembeni, upande anaoutazama mpigaji) haukuweza kukutoa kwa mguu mbele ya wiketi, yaani kwa kuuzuia na mguu, hata kama ungegonga stampu. Mpigaji alijitandazia pedi, kinga ya mguu, basi. Wastani mmoja umechanganya pepo na jehanamu.

Na wa "asingefika 40" wakumbuke 1932-33. Jardine, nahodha wa Uingereza, alimpa mrushaji wake wa kasi Larwood kazi ya kulenga mwili, na helmeti hazikuwepo. Katika mfululizo huo wa mechi, Bradman alishuka hadi 56.57. Huko ndiko kushindwa kwake, na bado kunampita Tendulkar.

Kinachonisumbua ni wapinzani. Mechi 37 kati ya 52 za Bradman zilikuwa dhidi ya Uingereza, na hakucheza Test nje ya Australia na Uingereza. Hapo angalau Hammond, mpigaji wa Uingereza wa enzi ile ile, mwenye 58.45, anatupa kipimo. Ila Graeme Pollock? Ana 60.97 katika Test 23, zote za Afrika Kusini ya ubaguzi, ambayo haikucheza na West Indies, India wala Pakistan. Kwa huyo sina cha kugawia.