Kujifungulia majini: maswali ya mama wa mimba ya pili

Mama aliyeniuliza maswali haya ana dada anayeishi Leicester, Uingereza. Mwaka jana dada huyo alijifungua ndani ya beseni kubwa la maji ya uvuguvugu hospitalini huko, akamtumia picha kwa simu. Mama mwenyewe yuko Mwanza, ana mimba ya pili ya wiki 29, na tangu aione picha ile hajatulia, kwa sababu uzazi wa kwanza aliupitia akiwa amelazwa chali saa nyingi, kila akijigeuza anaambiwa alale vizuri. Maswali haya aliniuliza kliniki, mengine akanitumia usiku. Mimi ni mkunga. Ameniruhusu niyaandike bila jina lake, nami nimeyajibu kama nilivyomjibu yeye.

Swali: Shikamoo mama. Kujifungulia majini ni kufanyaje hasa?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hapo pana mambo mawili, ila watu wameyapa jina moja. La kwanza ni kukaa majini wakati wa uchungu, njia inapoendelea kufunguka, kisha unatoka na kujifungua nje. La pili ni kubaki humo humo mpaka mtoto azaliwe chini ya maji. Nakuomba uyatenganishe, kwa sababu faida na hatari zake hazilingani. Picha ya dada yako ni ya hili la pili. Ukinieleza unachokitamani, yaani kujigeuza upendavyo, kupunguza maumivu na kuacha kugombezwa, nasikia lile la kwanza.

Maji yenyewe huwa ya kina cha kukufika kwenye matiti ukiwa umekaa. Mwongozo wa Uingereza unataka joto lake lisizidi nyuzi 37.5, na mkunga apime joto la maji na la mama kila saa. Maji yakizidi joto, mama hupata joto mwilini, na moyo wa mtoto huanza kwenda mbio.

Swali: Mama mkwe wangu anasema hayo ni mambo ya Wazungu. Ni kweli?

Jibu: Kwa namna yanavyofanyika sasa, ni kweli yalikuzwa Ulaya. Katika miaka ya 1970, daktari Mfaransa Michel Odent aliweka beseni kwenye wodi ya wazazi ya hospitali ya Pithiviers, Ufaransa, ili wanawake wapunguziwe maumivu. Baadhi yao uchungu ulipopamba moto walikataa kutoka, watoto wakazaliwa humo humo. Mwaka 1983 aliandika kuhusu vizazi 100 vya majini katika jarida la The Lancet. Mwaka 1992 kamati ya afya ya Bunge la Uingereza ikapendekeza hospitali ziwape wanawake nafasi hiyo pale inapowezekana, na ndiyo maana dada yako aliikuta ikiwa huduma ya kawaida.

Lakini mwambie mama mkwe kwamba maji ya moto hata yeye anayajua. Ukishajifungua, si ndiye atakayekukanda? Tofauti ni kwamba sisi tumeyaweka baada ya uzazi, wenzetu wakayaingiza wakati wa uchungu.

Swali: Maumivu yanapungua kweli?

Jibu: Yanapungua, ila hayaishi. Maji huubeba uzito wa tumbo, misuli inalegea, na unaweza kuchuchumaa au kupiga magoti bila kuchoka haraka. Mapitio ya tafiti 15 zilizohusisha wanawake zaidi ya 3,600, yaliyotolewa mwaka 2018, yalionyesha kwamba waliokaa majini wakati wa uchungu walihitaji ganzi ya mgongoni kwa uchache kidogo: kama 39 katika kila 100, wakati waliobaki nje walikuwa 43. Idadi ya waliofanyiwa upasuaji haikubadilika kwa namna ya kueleweka. Basi usiyategemee maji yakuepushe na kisu.

Jambo moja zaidi: ukiingia mapema mno, uchungu unaweza kupoa. Hapo unatoka na kutembea mpaka ukaze tena.

Swali: Mtoto hawezi kunywa maji akafa?

Jibu: Hili ndilo kila mama huniuliza, na ndilo ninalolijibu polepole. Mtoto akiwa tumboni tayari yuko majini, na hewa yake anaipata kupitia kitovu. Akitoka kwenye maji ya mwili wako na kuingia kwenye maji yenye joto kama hilo, kitovu kinaendelea kumlisha hewa kwa muda mfupi. Kinachomwamsha avute pumzi ya kwanza ni uso wake kukutana na hewa na ubaridi wa nje. Ndiyo maana mkunga hamgusi mtoto anapotoka, kisha humpandisha juu taratibu bila kuchelewa, kichwa kikitangulia, na uso ukishatoka nje haurudishwi chini kamwe. Kwa sababu hiyo hiyo, mama akiinua kiuno juu ya maji kichwa kikiwa kinatoka, anamalizia kuzalia nje.

Yote hayo ni ya mtoto mwenye nguvu. Mtoto aliyekosa hewa ya kutosha wakati wa uchungu anaweza kuhema akiwa bado chini, akavuta maji. Hivyo mapigo ya moyo lazima yasikilizwe hata majini, kila dakika 15 njia inapofunguka na kila dakika 5 unaposukuma, kwa kifaa kisichoharibiwa na maji. Mapigo yakibadilika, au mtoto akionekana amejisaidia tumboni, unatoka. Hapo hakuna mjadala.

Swali: Mbona nimesoma kwamba madaktari wa Marekani wanakataza, na Uingereza wanaruhusu?

Jibu: Ulisoma sawa. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilisema mama mwenye afya njema, mwenye mimba ya kuanzia wiki 37 hadi karibu 42, anaweza kukaa majini wakati wa uchungu, lakini kikashauri mtoto azaliwe nje, kwa kuwa ushahidi wa usalama haukuwa umetosha. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka mwaka 2024 umeongeza mengi. Uliwafuatilia wanawake zaidi ya 73,000 wasio na matatizo ya mimba waliotumia mabeseni hayo kati ya 2015 na 2022. Waliozalia majini hawakuchanika vibaya kuliko waliotoka kuzalia nje: katika makundi yote mawili ilikuwa kama mmoja kati ya 20 kwa wazaao mara ya kwanza, na mmoja kati ya 100 kwa waliokwisha kuzaa. Watoto wao pia hawakupata madhara makubwa zaidi.

Kilichoongezeka ni kitovu kukatika kabla hakijabanwa, karibu mara 10 katika vizazi 1,000, wakati nje ni kama mara 3. Kitovu kikiwa kifupi na mtoto akavutwa juu kwa pupa, kinakatika, damu ya mtoto inamwagika, na mkunga ana sekunde chache tu za kukishika. Mkunga aliyezoea hufuata mtoto bila kuvuta, na kibano kiko karibu.

Utafiti huo ulifanyika kwa wanawake waliochaguliwa vizuri, mikononi mwa wakunga waliofundishwa, chumba cha upasuaji kikiwa si mbali. Sina haki ya kuchukua namba za huko na kukuahidi matokeo hayo hayo mahali pasipo na vitu hivyo.

Swali: Mimi nafaa? Uzazi wa kwanza nilitoka damu nyingi, nikaongezewa chupa mbili.

Jibu: Mwanangu, hili ungeniambia kwanza. Kwa historia hiyo nakushauri usizalie majini, wala Mwanza wala Leicester. Aliyewahi kutoka damu mpaka kuongezewa yuko kwenye hatari ya kurudiwa, na majini damu haipimiki vizuri: inachanganyika, yote yanaonekana mekundu, hujui kama ni mililita 200 au 800. Kutokwa damu baada ya kujifungua ni kati ya visababishi vikubwa vya vifo vya wazazi nchini kwetu. Wewe unahitaji kitanda, sindano ya oksitosini, ya kukaza mfuko wa uzazi, mara mtoto anapotoka, mshipa uliokwisha wekewa njia ya dripu, na damu ya kundi lako kwenye jokofu.

Wengine ninaowakatalia ni wenye mapacha, mtoto aliyetanguliza matako, mimba chini ya wiki 37, presha au dalili za kifafa cha mimba, homa, kifafa, au damu inayotoka kabla ya uchungu. Aliyechomwa sindano ya pethidini, dawa kali ya maumivu inayoleta usingizi, asubiri angalau saa mbili, asije akasinzia majini. Mwenye kovu la upasuaji aongee na daktari wake mapema.

Swali: Na mume wangu aliyetaka kununua bwawa la plastiki tufanyie nyumbani?

Jibu: Mshukuru kwa mapenzi yake, na umwambie hapana. Maji ya simtanki yaliyoshinda juani ni makao mazuri ya vijidudu. Huko Uingereza kwenyewe, mwaka 2014, mtoto aliyezaliwa nyumbani kwenye beseni lililojazwa mapema na kuzungushiwa maji kwa hita aliugua kutokana na bakteria wa Legionella, na mamlaka za afya zikawataka watu waache mabeseni ya aina hiyo. Hilo ni la maji tu. La damu nimeshakwambia, na saa nane usiku utaitafuta bajaji.

Swali: Basi nimekosa yote?

Jibu: Hujakosa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mama mwenye uchungu awe huru kutembea na kuchagua mkao, awe na mtu wake wa karibu, na apewe mbinu za kumtuliza kama kukandwa mgongo na vitambaa vya uvuguvugu. Hayo uyaombe kwa majina yake, kliniki ijayo, kabla uchungu haujaanza. Uliza kama wodi ina bafu lenye maji ya moto, na kama utaruhusiwa kuoga uchungu unapoendelea, mapigo ya mtoto yakiwa mazuri. Hata ndoo moja na kopo, ukijimwagia kiunoni huku umekaa kwenye kigoda na mama yako amekushika, hukusaidia kupita uchungu mmoja hadi mwingine. Ukianza kusukuma, rudi kitandani, ulale kwa ubavu au upige magoti. Kadi yako iandikwe kwa wino mwekundu kwamba uliwahi kuongezewa damu. Njoo nayo Alhamisi, niiandike mwenyewe.