Maumivu Sugu Hayakai Mahali Pamoja

Chukulia mama anayelima mwani Paje. Maji ya bamvua yakishakupwa hushuka pwani, akainama kwa saa kadhaa akifunga mbegu kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vigingi, kisha hupanda na mzigo wa mwani mbichi unaochuruzika maji. Kilimo hiki kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, katika pwani ya mashariki ya Unguja, na wengi wa wanaokifanya ni wanawake. Kiuno kikianza kumuuma husema ni uchovu. Mwezi wa kwanza huchuliwa kwa mafuta ya nazi, wa pili hununua vidonge dukani, na ukiingia wa nne tayari anasali juu ya kiti, kwa kuwa akirukuu haoni njia ya kuinuka.

Maumivu yanayodumu au kurejea kwa zaidi ya miezi 3 huitwa maumivu sugu, na Shirika la Afya Duniani limeyapa nafasi yake katika orodha ya kimataifa ya maradhi iliyoidhinishwa mwaka 2019. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Lakini katika hali hii mara nyingi mbiu huendelea kulia ilhali jambo lenyewe limekwisha au limepungua. Mishipa ya fahamu, uti wa mgongo na ubongo huwa vimezoea kupitisha na kukuza habari za maumivu, hata kanga inayokazwa kiunoni, ambayo zamani haikuhisiwa, ikawa inauma. Ndiyo maana picha ya eksirei huweza kutoka bila ya kasoro kubwa na mgonjwa akaambiwa anajitia. Hajitii, anachokihisi ni cha kweli, na kauli hiyo humuumiza mara ya pili.

Usingizi ndio huharibika mapema. Anayejigeuza kitandani hadi adhana ya alfajiri huamka misuli imekakamaa, na mwili uliokosa usingizi huhisi maumivu kwa ukali zaidi, hivyo usiku unaofuata huwa mbaya kuliko uliopita. Homoni za msongo nazo hubaki juu, presha ikapanda na hamu ya chakula ikavurugika. Kwa kuwa sehemu za ubongo zinazoshughulikia maumivu hushughulikia pia hofu na huzuni, mgonjwa husahau haraka, huwa mkali kwa watoto, huacha kwenda harusini na msibani, na wengine huingia katika sonona. Jamaa humwona ana kiburi, na yeye huona haya kueleza.

Naomba tutahadhari sana na vidonge vya kujinunulia. Diklofenaki na ibuprofeni zikitumiwa kwa muda mrefu bila ya uangalizi huweza kuleta vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha presha, na kwa maumivu ya aina hii mara nyingi nafuu yake ni ndogo.

Kulala kutwa nako hakusaidii, kwani misuli isiyotumika hudhoofika na viungo hukaza. Mkulima wetu huanza kwa kutembea kidogo kila siku, hata kama kiuno bado kinauma, na akirudi pwani hufunga kamba mbili, akanyooka na kupumzika kabla ya ya tatu, bila ya kungoja maumivu yamsimamishe. Mzigo huugawa mara mbili. Mtaalamu wa viungo humwonesha mazoezi yanayomfaa, na daktari humuuliza habari za usingizi na moyo wake, si za kiuno pekee; asipoulizwa, aseme mwenyewe.

Zipo dalili zisizongoja miezi 3. Maumivu ya mgongo yakiambatana na ganzi baina ya mapaja, kushindwa kuzuia mkojo au choo, au miguu kulegea ghafla, mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Akiwa na homa au akikonda bila ya sababu, asikawie kuonana na daktari.