Buibui mkubwa wa kijani shambani: maswali na majibu

Nipo Busia, upande wa Uganda. Nikipalilia maharage nimeona buibui mkubwa wa kijani kibichi, miguu mirefu imejaa miiba myeusi. Nina watoto wadogo. Ni buibui gani huyu?

Kwa maelezo hayo, yaelekea ni wa jamii ya Peucetia. Hategi utando. Huotea juu ya majani na maua, akamrukia nzi, nondo, hata nyuki. Jike ndiye mkubwa, mwili hufikia sentimita 2 hivi bila kuhesabu miguu. Ukimkuta amekumbatia kifuko kilichofungwa kwenye tawi, ndani yake kuna mayai, naye anayalinda, hapo msimguse.

Ana sumu?

Anayo, kama buibui karibu wote, lakini ni ya kuulia wadudu. Akibanwa mkononi anaweza kuuma. Patauma, patakuwa pekundu na kuvimba kidogo, kisha patapoa. Tafadhali msimuue, anawapunguzia wadudu shambani.

Jirani ameamka na malengelenge shingoni, anasema buibui amemkojolea usiku.

Pole yake, lakini buibui amesingiziwa. Msimu wa mvua chanzo mara nyingi ni yule mdudu mwembamba mwenye pingili nyeusi na za rangi ya chungwa, anayeitwa Nairobi flai. Ukimponda kwenye ngozi, majimaji yake huunguza, na malengelenge hutokea baadaye, pengine kesho yake. Akitua mwilini mpulize, usimpige kofi.

Kuna jambo linalonitia wasiwasi zaidi. Malengelenge yakijipanga upande mmoja tu wa mwili, na maumivu yalitangulia, huenda ni mkanda wa jeshi. Asikae nyumbani akipaka majivu. Aende kituo cha afya mapema, kwa kuwa dawa zake hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Kama bado ni kijana, apime na VVU.

Mtoto akiumwa na buibui nifanye nini?

Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi. Usichanje, usifyonze, usifunge kamba, usipake mafuta ya taa. Akivimba midomo au uso, akipumua kwa shida, akikaza misuli ya tumbo au kutokwa jasho jingi, mpeleke hospitali mara moja. Kidonda kikizidi kuvimba na kutoa usaha siku zinazofuata, apelekwe pia. Buibui akiwa bado yupo, mpige picha kwa simu umwonyeshe mganga; ametoweka, nendeni tu.