Kidonge cha dharura hakileti ugumba

Wanafunzi wengi wa vyuo vikuu huogopa kwamba kidonge cha dharura cha kuzuia mimba huleta ugumba. Si kweli. Miligramu 1.5 za levonorgestreli, dawa iliyomo kwenye kidonge hicho, huchelewesha yai kutoka kwenye ovari, basi. Haziharibu mirija ya uzazi wala mji wa mimba, na dawa yenyewe huisha mwilini baada ya siku chache. Kinachoziba mirija, na hili ndilo la kuogopwa, ni magonjwa ya zinaa ya klamidia na kisonono yasiyotibiwa, ambayo kidonge hakiyazuii. Kimeze mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72 baada ya kujamiiana bila kinga. Ukitapika kabla ya saa 2 kupita, rudia dozi. Yai lililocheleweshwa laweza kutoka siku zinazofuata, kwa hiyo tumia kondomu. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki moja, pima mimba.