Mkusanyiko hai wa mimea ni kitu gani, na kwa nini siyo bustani ya maua tu

Bibi yangu aliishi Muheza na nyuma ya nyumba yake kulikuwa na michungwa, milimau, mfenesi mmoja mkubwa na miti mingine ambayo mpaka leo sijui majina yake. Ukizunguka naye asubuhi anakwambia huu nilipewa na shangazi yako alipoolewa Korogwe, huu babu yako alibebesha mwenyewe kwenye shina la mlimau, ule pale usiguse mizizi yake ni dawa ya tumbo, mbegu nilitoka nayo kwetu mlimani. Kila mti ulikuwa na kwao. Bibi alipofariki miti ilibaki vilevile, hamna aliyeikata, lakini sisi wajukuu tukisimama pale tunaona michungwa tu, ipi ya babu, ipi ya shangazi, hatujui.

Nimeanza na bibi kwa sababu ndo njia rahisi ninayoijua ya kueleza hii dhana ya mkusanyiko hai wa mimea. Ukisoma habari za bustani za vyuo vikuu utakutana nayo kila mahali na wengi wanaipita wakidhani ni jina la kupendezesha tu. Siyo hivyo. Mkusanyiko hai ni mimea inayokua, iwe ardhini, kwenye vyungu au ndani ya nyumba za vioo, ambayo kila mmoja una maelezo yake yaliyoandikwa: jina la kisayansi, umetoka wapi, nani aliuchukua na mwaka gani, uliingia kama mbegu au kipandikizi au mche, sasa hivi uko sehemu gani ya bustani na hali yake ikoje. Ukifuta hayo maelezo mti unabaki mzuri na kivuli utapata, ila mtafiti anayetaka kujua kitu kwa uhakika hawezi kuutegemea tena.

Neno hai lipo kwa sababu vyuo vina mkusanyiko mwingine pia, ule wa majani na maua yaliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, unaoitwa hebaria. Ule ni muhimu sana na karatasi moja inaweza kukaa miaka mia mbili bila kuharibika, lakini jani kavu halikuonyeshi ua linafunguka saa ngapi, lina harufu gani, mdudu gani analifuata, mche unaoteshwa vipi. Hayo unayapata kwa mmea unaopumua tu.

Sasa tuje kwenye namba, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu ndo moyo wa jambo lote. Mmea ukiingia unapewa namba ya usajili. Mfano ninaoupenda uko Arnold Arboretum, bustani ya miti ya chuo kikuu cha Harvard pale Boston, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1872. Kuna miti pale ina namba 524-48, yaani ingizo la 524 la mwaka 1948. Ukiifuata hiyo namba kwenye rekodi inakupeleka mpaka China. Mti wenyewe unaitwa Metasequoia, na mtaalamu wa Japani Shigeru Miki aliueleza mwaka 1941 kutokana na mabaki yaliyogeuka mawe, kwahiyo dunia ya sayansi ikauhesabu kama mti uliokwisha zamani sana, kumbe kuna wanavijiji China walikuwa wanaishi nao miaka yote. Wataalamu wa China wakautambua, Elmer Drew Merrill wa Arnold Arboretum akatuma dola 250 za safari ya kuokota mbegu, Januari 1948 mbegu zikafika Boston na zikaanza kugawiwa bustani nyingi duniani. Cambridge kule Uingereza nao walipata, na mti wao mpaka leo uko kando ya bwawa la bustani ya chuo. Fikiria mtu akitaka leo kulinganisha mti wa Boston na wa Cambridge, anajua kabisa kwamba ni ndugu, mbegu za msafara uleule, na tofauti atakazoziona anaweza kuuliza kama ni za hali ya hewa au udongo. Bila namba angekuwa na miti miwili mirefu inayofanana, basi.

Mbegu zikiingia pamoja zinapata namba moja, halafu kila mti unaoota unapewa herufi yake ili usichanganywe na wenzake. Na mti ukifa namba haipewi mwingine, rekodi inabaki, inaandikwa umekufa lini na kama inajulikana umekufa kwa nini. Ukijua kwamba mche wa aina fulani umejaribiwa mara nne na mara zote umeoza mizizi, huo nao ni ujuzi.

Kitu kingine kinachoandikwa ni kama mmea una asili ya porini au umetoka bustani nyingine. Wataalamu wanathamini zaidi wa porini uliookotwa mahali panapojulikana, na sababu yake hata mfugaji wa kuku ataielewa. Ukiweka jogoo wako na jirani akaleta wake, baada ya miezi michache vifaranga huwezi kuapa ni wa nani. Bustanini ni hivyohivyo, spishi, yaani aina za mimea, ambazo porini zinatenganishwa na milima au bahari zimepandwa hatua tano tu, nyuki anapita hapa na pale, mbegu inayotoka hapo inaweza kuwa chotara na kibao bado kinasema jina la mama.

Kwa nini vyuo vikuu? Mwanzoni ilikuwa dawa. Padova, Italia, walianza bustani yao mwaka 1545 ili wanafunzi wa utabibu waijue mimea ya dawa kwa macho na wasije wakampa mgonjwa mmea wa sumu unaofanana nao. Leiden wakafuata 1590, Oxford 1621. Baadaye ikawa ni kusoma mimea kwa ajili ya mimea yenyewe, na hapo narudi Cambridge kwa sababu kuna mtu pale namheshimu sana, John Stevens Henslow, mwalimu wa Charles Darwin, yule mwanasayansi aliyeeleza jinsi spishi zinavyobadilika. Bustani ya sasa ya Cambridge, hekta 16 hivi, ilifunguliwa 1846 kwa juhudi zake. Kwenye njia kuu alipanda misonobari ya spishi moja, Pinus nigra, lakini ya maumbo tofauti, ikitazamana huku na huku, na ukipita katikati unaona kwa macho yako kwamba spishi moja siyo kitu kimoja kilichonyooka. Swali la spishi moja inaweza kutofautiana kiasi gani ndo lilikuwa swali la Henslow, na mwanafunzi wake akalibeba mpaka dunia nzima ikalisikia. Mkusanyiko hai ukipangwa vizuri unafundisha hivyo, hata kabla mwalimu hajafungua mdomo.

Halafu kuna suala la kubadilishana. Bustani hizi zina desturi ya zamani ya kuchapisha orodha za mbegu walizovuna na kupeana. Kuna dungusi kakati wa misitu ya Amazon inayofurika maji, anaitwa Selenicereus wittii, ua lake linafunguka usiku mmoja na likinyauka ndo basi. Cambridge walimpata kutoka bustani ya chuo kikuu cha Bonn, Ujerumani, mwaka 2015, wakamfunga kwenye shina la mti ndani ya nyumba ya vioo, wakasubiri, na Februari 2021 ua likafunguka huku watu wengi wakilitazama kwa kamera kwenye intaneti. Kupeana siyo ukarimu tu. Mmea ukiwa sehemu moja peke yake, moto mmoja au hita kuzimika usiku mmoja wa baridi unatosha. Cambridge hao hao walikuwa na mtofaa uliopandwa 1954, umetokana kwa kubebesha na ule mtofaa wa nyumbani kwa Isaac Newton, yule mwanasayansi wa hadithi ya tofaa lililoanguka, na Februari 2022 dhoruba ikauangusha, ulikuwa umeshaliwa na kuvu. Walikuwa wameshachukua vikonyo vyake na kuvibebesha, kwahiyo kwa maana ya vinasaba mti ule haukufa, ni kama michungwa yetu ya Muheza inavyohamishwa kutoka shina hadi shina.

Lakini tusijidanganye kwamba mkusanyiko hai unatosha. Mwaka 2017 watafiti, wengine wakiwa wa Cambridge, walipiga hesabu ya bustani za mimea duniani wakakuta zina karibu asilimia 30 ya spishi zote za mimea inayojulikana. Ni nyingi kweli, ila angalieni mgawanyo: kati ya spishi zote za nchi za baridi, kama asilimia 60 zimo bustanini, lakini za tropiki, yaani nchi za joto kama zetu, ni kama asilimia 25 tu. Yaani sisi ambao misitu yetu ina aina nyingi zaidi ndo ambao mimea yetu haina akiba. Inauma. Sehemu ya sababu ni kwamba bustani nyingi ziko Ulaya na Marekani ambako mmea wa tropiki lazima uwekwe ndani ya vioo na kupashwa joto, na nafasi ni ndogo.

Na historia nayo ina uzito wake. Lile ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu duniani kote, Saintpaulia, ni la Usambara, ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilichukua 1892, mbegu zikaenda Ujerumani, mwaka uliofuata likapewa jina la familia yake. Enzi hizo mtu alichukua tu. Tangu mkataba wa kimataifa wa bayoanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe hai, uanze kutumika 1993, nchi ina haki juu ya mimea yake na kuna vibali na makubaliano, nami naona ni haki kabisa, ingawa makaratasi yamepunguza pia ukusanyaji halali. Safari ya mimea pia siyo ya upande mmoja. Pale Amani, Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha bustani mwaka 1902 wakapanda mimea kutoka pembe nyingi za dunia, na baadhi haikukaa ilipopandwa. Mti unaoitwa Maesopsis, kwa mfano, umeenea ndani ya msitu wa Usambara Mashariki na kubanana na miti ya asili. Kwahiyo siku hizi bustani makini inatakiwa iangalie pia mmea gani unaelekea kutoroka.

Mfano wa matumaini ni Karomia gigas. Ni mti mkubwa wa misitu ya pwani, ulikutwa Kenya miaka ya 1970, ukakatwa, ukadhaniwa umekwisha, baadaye ikapatikana michache sana Tanzania. Mbegu zake nyingi ni mbovu, kuziotesha ni kazi kweli, lakini nyingine zilipelekwa bustani ya mimea ya Missouri, Marekani, na huko zikaota. Nafurahi zimeota, na natamani siku moja mwanafunzi wa hapa auone mti huo umesimama chuoni kwake na kibao chake bila kupanda ndege. Haliko mbali kiasi hicho, Maseno kule Kenya tayari chuo kina bustani yake ya mimea. Nyumba ya vioo ni ghali, ila mmea wa hapahapa hauhitaji vioo, unahitaji ardhi, mtu wa kumwagilia na mtu wa kuandika.

Mimi nilianza na Muheza. Disemba nilienda na daftari la mistari, nikampigia shangazi wa Korogwe simu ya video tukazunguka naye mti kwa mti, akatambua sita, akasema na mwaka alioleta wake. Vibao nilikata kwenye makopo ya maziwa, nikachonga namba kwa msumari na kufunga kwa waya ulegee ili shina likinenepa lisikabwe. Namba 1 ni mchungwa wa babu. Ule wa dawa ya tumbo hata shangazi hakuuona, nimeacha mstari wake wazi.